Sala ya Saa Nne kwenye Njia ya Wajir

Tangu nirudi Mwingi, kila Jumatano tukimaliza kuimba kuna mmoja wenu ananishika mkono na kuniuliza ilikuwaje huko kaskazini, na kama ni kweli nilikuwa nimeacha imani. Nikianza kujibu, mwingine anaingiza habari ya mvua. Nimeona afadhali niandike, kila mtu asome kwake kwa wakati wake, na asiyetaka kusoma awashie moto. Mambo ya vibali na mihuri nimeyaacha. Yalinichosha mara moja na inatosha.

Jibu fupi ni ndiyo, nilikuwa nimeacha. Mnajua nilikuwa fundi seremala wa serikali kule Garissa, na kwamba mimi na Zakaria ndio tulioanzisha ibada ya watu wa bara katika chumba nyuma ya karakana. Zakaria alikuwa dresa, msaidizi wa daktari. Baadaye alihamishiwa Wajir pamoja na mkewe na watoto wawili, akaanzisha ibada nyingine huko. Mwaka wa sitini na sita, wakati wa vita vya kaskazini, alikuja Garissa kuchukua dawa, na asubuhi ya kurudi nilisimama naye kando ya lori nikamwombea safari. Niliomba vizuri. Sisemi hivi kwa majivuno, watu wawili walinisifu. Siku ya tatu lori lake lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani, kati ya Habaswein na Wajir, na Zakaria akafa papo hapo.

Baada ya hapo niliongoza ibada miezi mitano bila kuomba. Inawezekana kabisa. Ukifumba macho na kutamka maneno, hakuna anayekuja kupima. Kisha ikaja barua ya Mama Mwende, mjane wa Zakaria. Wakristo watano waliobaki Wajir walitaka niende niongoze ibada ya kumkumbuka. Nilikubali kwa sababu zangu mwenyewe. Nilipanga nifike, niwaambie uso kwa uso kwamba mimi nimeacha, kwamba wakifunge kile chumba chao na kurudi makwao wangali hai, halafu nirudi Garissa nikafunge na cha kwangu.

Garissa: siku nne juu ya magunia

Wakati ule hakuna gari lililokwenda Wajir peke yake. Malori yalikusanywa, yakangoja landrova za askari, askari wakangoja amri, na amri sijui ilikuwa inangoja nini. Kila siku alfajiri tuliambiwa tupande. Kila siku jioni tuliambiwa tushuke. Kwa hiyo kabla hatujasogea hata futi moja, nilikuwa nimewazoea abiria wenzangu kama watu wa boma moja.

Lori letu lilibeba sukari, unga na majani ya chai, na sisi tulikaa juu yake. Mwenye mzigo alikuwa Haji Dubow, mfanyabiashara wa Garissa, mtu mnene mwenye ndevu za hina na saa ya mkononi aliyoitazama kila baada ya dakika chache, ingawa hatukuwa tunakwenda popote. Dereva aliitwa Farah. Wengine walikuwa wafugaji na wachuuzi, wote Wasomali, wote Waislamu. Mimi nilikuwa na sanduku langu la nguo na sufuria ya muthokoi niliyofungiwa na jirani. Haji alifunua sufuria, akatazama yale mahindi yaliyokobolewa, akauliza kwa upole kama nina punda.

Siku ya kwanza walishuka kusali adhuhuri nami nikabaki juu. Walishuka alasiri, nikabaki juu. Siku ya pili na ya tatu hivyo hivyo. Siku ya nne mchana Haji alisimama chini ya lori, akaniita nishuke, na watu wakakusanyika.

"Fundi," akasema, "wewe nasali saa ngabi?"

Nilimwambia sisi Wakristo hatuna saa maalumu. Akawatafsiria wenzake. Palikuwa na mazungumzo marefu ya Kisomali, na sikuhitaji kujua lugha ili nijue kwamba jibu langu halikupendeza. Farah dereva alitikisa kichwa, akaenda kukagua gurudumu ambalo halikuwa na shida.

"Sikiliza," Haji akasema. "Hii barabara iko na bomu. Kwa gari yangu mtu yote nasali. Mtu hakuna sala, yeye natafuta gari ingine. Mimi hasemi ingia dini yangu. Mimi nauliza saa ngabi."

Malori mengine yalikuwa mawili, yote ya jamaa zake. Nikafikiri upesi. Ibada yetu ya Jumapili nyuma ya karakana ilianza saa nne asubuhi, basi nikasema saa nne.

Haji aliitazama saa yake kwa furaha kubwa. Akaniuliza rakaa ngapi, nikasema moja. Akaniuliza tunaelekea wapi tukisali, nikasema popote. Hilo la popote lilimsumbua sana. Alinizunguka, akalitazama jua, mwisho akaamua mwenyewe kwamba nitaelekea magharibi ili jua lisinipige usoni. Nadhani mpaka leo wako watu katika nchi ile wanaoamini kwamba Wakristo husali saa nne wakiipa jua kisogo.

Garissa hadi Mado Gashe

Tuliondoka siku ya tano. Askari walitangulia, wengine wakitembea kwa miguu pale mchanga ulipoonekana umechokorwa, na kila lori lilipita juu ya alama za magurudumu ya lori la mbele. Farah alishika usukani kama mtu anayepiga mstari kwa rula. Mimi nami niliishika kamba ya turubai na kuuangalia mchanga, na niliogopa maili zote za asubuhi ile.

Saa nne kasoro dakika tano Haji aligonga paa la kichwa cha lori. Nilitumaini msafara hautasimama. Lakini injini ya lori la kwanza ilikuwa imechemka, koplo aliyesimamia ulinzi akaamuru mapumziko, na Haji akaipokea sifa yote.

Walinifagilia mahali chini ya mgunga kwa tawi. Mtu mmoja alinitandikia mkeka wake. Mwingine alinimiminia maji ya birika, na katika nchi ile maji hayakataliwi, kwa hiyo nikanawa mikono, uso na miguu. Nilitaka kupiga magoti na buti zangu, Haji akaonyesha buti kwa kidole, nikazivua. Nikapiga magoti, mwiba mmoja ukaniingia goti la kushoto, nikafumba macho mbele ya watu ishirini na wawili walionyamaza kwa heshima.

Badala ya kuomba nilisema kimoyomoyo jedwali la saba. Saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne. Nilipofika saba mara kumi na mbili nikasema amina kwa sauti na kusimama.

"Nafubi sana," Haji akasema. Alinieleza kwamba Mwislamu akiwa safarini anaruhusiwa kupunguza sala yake, na hata hiyo iliyopunguzwa ni ndefu kuliko yangu. Aliniuliza kama na mimi nimepunguza. Nikasema ndiyo, kwa ajili ya safari. Hilo alilielewa.

Adhuhuri tulikula nyirinyiri, zile nyama ndogo kavu zilizokaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, pamoja na tende. Muthokoi wangu ulikuwa umechacha. Niliumwaga kando ya njia kwa siri, na punda wa mpita njia akaunusa, akaendelea na safari yake. Haji aliona, akageuzia uso upande mwingine, na nilimshukuru kwa hilo.

Mado Gashe: siku mbili za kunywa chai

Tulifika jioni tukaambiwa njia ya mbele haijakaguliwa. Siku mbili tulikaa kwenye kivuli cha duka lililofungwa, tukanywa chai ya maziwa ya ngamia yenye ladha ya moshi. Mara ya kwanza nilidhani chombo kimeungua. Niliambiwa chombo hufukizwa makusudi ili maziwa yasiharibike, na kikombe cha nne kilikuwa kitamu.

Saa nne ya siku ya kwanza mkeka ulikuwa tayari kabla yangu. Nilichoka na jedwali la saba, nikaamua kuhesabu mbao za dari ya jengo ambalo nilikuwa naliezeka Garissa, futi kwa futi, ili sala iwe na urefu unaokubalika. Ilichukua muda mzuri. Haji aliridhika kiasi.

Tatizo lilianzia kwa Farah. Alimuuliza Haji mbona askari wa bara, ambao nao ni Wakristo, hawasali saa nne. Haji akakata shauri kwamba hao ni Wakristo wabaya, na kwa kuwa yeye si mtu wa kuficha maoni yake, akaenda kumwambia koplo. Koplo alikuwa kijana mpole wa kutoka Bonde la Ufa. Alinijia mbio mbio akaniuliza nimewaambia nini watu hawa. Nikamweleza. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kanisa jipya. Nikasema hapana. Akasema mama yake ni mzee wa kanisa na hajawahi kutaja saa nne. Hata hivyo kesho yake saa nne nilipofumbua macho nilimkuta amesimama hatua kumi nyuma yangu, kofia mkononi, akiwa amekasirika.

Saa nne hiyo ya pili pale Mado Gashe hesabu za mbao zilinigomea. Nilipoteza idadi katikati. Nikabaki nimepiga magoti bila namba wala neno, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitano nilijua kwamba kuna ninayemkasirikia, na kwamba mtu hamkasirikii asiyekuwepo. Sikupenda kulijua hilo. Nikasema amina haraka nikaenda kuomba chai.

Mchana ule nilimuuliza Haji, kwa kupitisha muda tu, kama hajawahi kuchoka kusali. Alikuwa na sababu za kuchoka. Wenye bunduki porini walikuwa wamechukua ngamia zake wakisema anaiuzia serikali sukari, na serikali ilikuwa imefunga duka lake la pili ikisema anawauzia wenye bunduki. Akajibu kwamba mgongo wake unachoka sana, hasa wakati wa kuinuka. Nikamwambia simaanishi mgongo. Akaniuliza ninamaanisha nini basi. Nikajaribu kumweleza, naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema labda ninahitaji chumvi.

Habaswein

Tuliondoka Mado Gashe kukipambazuka na saa tatu tukawa Habaswein. Usiku uliotangulia palikuwa pamepigwa risasi karibu na visima, na kikosi kingine cha askari kilikuwa pale kikiwa hakijalala. Afisa wao, mtu mrefu aliyekauka sauti kwa kupiga kelele, aliamuru malori yashushwe yote. Abiria wa Kisomali walipangwa mstari juani, wamechuchumaa, mikono kichwani. Mimi nilitazamwa uso mara moja nikaambiwa nikakae kivulini penye tangi la maji.

Nikaenda nikakaa. Nalitaja hili kwa sababu mliniuliza kama nilikuwa jasiri. Nilikunywa maji ya tangi, nikamwangalia Haji Dubow, mtu mnene wa miaka sitini, akichuchumaa na mikono kichwani, hina ya ndevu zake ikichanganyika na jasho, na askari wakitoboa magunia yake ya sukari kwa vyuma kutafuta bunduki. Niliona aibu, na niliendelea kukaa.

Saa yake ilikuwa bado mkononi, na mkono ulikuwa juu ya kichwa. Nilimwona akigeuza shingo na kuinua macho ili aisome. Ilimchukua muda.

"Fundi," akaita. "Saa nne."

Askari akamwambia anyamaze. Alinyamaza kwa muda wa kutosha kuonyesha adabu.

"Fundi, saa yako nafika. Simama."

Yule afisa akauliza huyu mzee anasema nini. Koplo wetu, ambaye masikio yalikuwa yamemwiva kwa fedheha, alijibu kwamba ni wakati wa sala ya fundi, afande, anasali kila siku saa nne. Watu wote wakanigeukia, wa mstarini na wenye bunduki.

Sijui ningefanya nini kama ningepewa nafasi ya kufikiri. Nilisimama, nikauacha ule uvuli, nikaenda mwisho wa mstari pembeni ya Farah dereva, nikavua buti na kupiga magoti kwenye mchanga wa moto. Hapakuwa na mkeka wala maji ya birika. Nikaanza saba mara moja, na haikuja. Basi nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, yaliyokuwepo.

"Bwana," nikasema, "siku tatu nimekuwa nikikuhesabia namba na mbao mbele ya watu hawa, nao walidhani ninasali. Unajua kwa nini. Nilikuomba umfikishe Zakaria Wajir. Nilikuomba vizuri, kwa imani, na ulinisikia, kwa maana hujawahi kusema husikii. Na hakufika. Sijui ulilifanyia nini ombi lile. Nimekukasirikia kwa miezi mitano."

Nilipofika hapo nilikuwa ninalia, na sikuweza kusimama, basi nikaendelea. Nilimwambia habari za ndoo ya Zakaria iliyovuja ambayo hakuitengeneza mpaka akafa. Nilimwambia habari za watoto wake. Nilimwambia kwamba mstari huu wa watu hauna kosa ninalolijua, na kwamba mwenye sukari ni mtu msumbufu lakini si mwizi wala muuaji, na jua ni kali. Niliombea hata yule afisa apate usingizi. Kusema kweli niliogopa kumaliza, kwa sababu sikujua nikimaliza kitafuata nini. Baadaye koplo aliniambia afisa alikuwa amevua kofia mwanzoni kwa mazoea ya kwao, halafu akakwama nayo mkononi, maana hakuna aliyelelewa kanisani anayeweza kumkatiza mtu katikati ya maombi. Vyuma vya kutoboa magunia navyo vilisimama.

Niliposema amina, mstari mzima uliitikia "aamiin", kwa sauti moja, mikono ikiwa kichwani. Wengi wao hawakuelewa hata nusu ya maneno. Nadhani walichukulia kwamba sala ya urefu ule haiwezi kuwa inaomba jambo baya.

"Umemaliza?" afisa akauliza.

"Nimemaliza, afande."

"Basi rudi kivulini."

Nilimwambia miguu imekufa ganzi, na ilikuwa kweli. Akanitazama, akautazama mstari, akasema wote washushe mikono na wakae vizuri. Msidhani malaika walishuka. Magunia saba yalitobolewa, sukari ikamwagika, na hatukuruhusiwa kuinuka mpaka saa nane mchana. Lakini tulikaa mikono ikiwa chini, na mimi nilikaa pamoja nao mpaka mwisho, nikichomwa kisogo.

Tulipokuwa tunakusanya sukari iliyomwagika Haji alinikaribia. Nilitegemea shukrani.

"Leo nasali fizuri kidogo," akasema. "Urefu fizuri. Lakini nalia. Sisi halii mbele ya serikali."

Nikamwambia nitajitahidi. Akanipa kipande cha anjera, ule mkate laini kama chapati, iliyopakwa samli na ile sukari yenye mchanga, nikaila yote.

Habaswein hadi Wajir

Kesho yake tulipita pale alipofia Zakaria. Nilikuwa nimejiambia sitapajua, lakini mabaki ya lori yalikuwa bado kando ya njia, chuma kitupu chekundu kwa kutu, na mbuzi watatu wamelala chini yake. Msafara hauruhusiwi kusimama mahali kama pale. Farah alipunguza mwendo kuliko alivyoruhusiwa, na juu ya magunia watu waliinua viganja wakamwombea dua wasiyemjua. Mimi nilivua kofia. Ilikuwa saa tatu na nusu. Saa nne ilipofika tulikuwa bado tunatembea, Haji akanitazama, nikasali hapo hapo juu ya gunia la unga, na hakunisahihisha.

Wajir

Wajir ni mji mweupe. Nyumba zimepakwa chokaa, na maji ya visima yana chumvi inayofungua tumbo la mgeni siku ya kwanza na kulisamehe siku ya tano. Chumba cha ibada kilikuwa stoo karibu na nyumba za askari jela. Watu watano waliketi juu ya madebe yaliyogeuzwa, miongoni mwao askari jela mmoja na Mama Mwende aliyekuwa na mwanawe mdogo mapajani.

Kabla ya ibada nilimwomba tuzungumze pembeni. Nilikuwa nimelipanga jambo hili miezi, na baada ya Habaswein mpango ulikuwa umelegea, lakini lilikuwapo moja ambalo lazima nilitoe. Nikamwambia nilikuja na nia ya kuwafungia kanisa. Nikamwambia mimi ndiye niliyemwombea Zakaria safari asubuhi ile, kwamba ombi langu lilianguka njiani, na kwamba nimeapa sitamwombea mtu safari tena maisha yangu yote.

Mama Mwende alimhamisha mtoto kutoka paja moja hadi jingine.

"Shemeji," akasema, "siku ile mimi niliomba hapa. Watoto waliomba. Hawa wanne unaowaona waliomba, na askari jela alifunga hata kula. Wewe kwa nini unataka ombi lililoanguka liwe lako peke yako?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Miezi mitano nilikuwa nimejibebea kifo cha Zakaria kama kazi niliyopewa mimi tu, na kumbe ndani yake kulikuwa na majivuno. Nikamuuliza basi kwa nini Zakaria hakufika. Akasema hata yeye hajui, na kwamba Jumapili zote tangu mazishi wamekuja kukaa juu ya madebe haya, siku nyingine wakiimba, siku nyingine wakitazamana tu, kwa sababu siku ya kukaa kimya ni nzito zaidi ukiwa peke yako nyumbani. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Tuliongoza ibada ya kumkumbuka pamoja, mimi na yeye. Kuhusu kufunga chumba sikusema kitu mbele ya wengine, na yeye hakunichongea. Msafara wa kurudi ulikawia siku kumi na moja, basi nikawatengenezea mabenchi mawili kwa mbao za masanduku ya chai ambayo Haji alinitupia uani bila kusema ni ya nini.

Asubuhi ya kuondoka

Mama Mwende na watoto walikuwa wanarudi Kitui kwa wazazi wake, katika msafara uo huo. Waliobaki wanne walikuja kuwasindikiza. Haji alikuja pia, akadai ni kwa ajili ya kukagua kamba za turubai. Askari walikuwa wamekwisha washa landrova na dereva anapiga honi, kama honi ilivyopigwa asubuhi ile Garissa.

"Shemeji, tuombee safari," Mama Mwende akasema.

Nikamwambia anajua nilivyoapa. Akasema anajua. Nikamwambia amwombe askari jela. Akasema hakumwomba askari jela, ameniomba mimi, na kama nikikataa ataomba mwenyewe, ila ana watoto wawili wa kushika na mzigo mmoja haujapandishwa.

Haji alisogea, akaitazama saa yake, akatukumbusha kwamba ni saa kumi na mbili na nusu na hii si saa yangu. Nikamwambia hii ni nyingine. Akasema kumbe ziko mbili, na kwamba ningemwambia mapema. Kisha akafungua viganja vyake akangoja.

Nikavua kofia. Nikaegemea gurudumu. Nilitafuta maneno mapya, yasiyo na mkosi, nikakosa. Yaliyonijia ni yale yale niliyomwombea Zakaria, nami nikayasema yote kwa mpangilio ule ule, nikimtaja Mama Mwende, na Mwende, na mdogo wake, na dereva, na njia, na magurudumu. Sauti ilikuwa mbaya na hakuna aliyenisifu. Tukapanda.

Tulifika Garissa siku ya nne, na Mwingi wiki iliyofuata, wote wazima, mtoto mdogo akiwa na kikohozi tu. Maneno yalikuwa yale yale, na njia ile ile. Sijui kwa nini sisi tulifika na Zakaria hakufika. Nilimuuliza Mungu jana, na leo asubuhi, kabla sijakaa kuwaandikia, nimemuuliza tena.